Sahihi Kwenye Karatasi Tupu

Kitasa kikazungushwa, mlango ukafunguka, na Mwanamkasi akabaki na faili la marehemu mumewe mkononi kama mtu aliyeshikwa na kuku wa jirani kwapani.

Mlioachwa juma zima mkijiuliza ni nani aliyekuwa nyuma ya mlango ule, tulieni. Hakuwa meneja. Hakuwa mlinzi. Alikuwa Rispa, karani wa meneja, yule yule anayepiga taipu barua zote za kiwanda cha mafuta ya kupikia cha Tausi, na ambaye Mwanamkasi amemshuku tangu mwezi wa Januari.

Uliyeingia leo, shika haya tu. Mwanamkasi ni mjane. Mumewe, Boga, alifia ndani ya tangi namba nne, hapo hapo Changamwe, miaka miwili nyuma, na kiwanda kikaandika kwamba kosa lilikuwa lake mwenyewe. Mjane akapewa kazi ya kutunza stoo ya kamba, glavu na viatu vya mpira, akaambiwa ashukuru. Akashukuru. Halafu, bila kumwambia mtu wa kiwandani, akajiandikisha kusomea cheti cha usalama kazini kwa njia ya posta, chuo kiko Nairobi, masomo kumi na mawili, kitabu mkono huu na kamusi mkono huu.

Somo la saba ndilo lililomtia ofisini mchana huo wa Ijumaa, Waislamu wako msikitini na meneja kaenda kula. Chukua ripoti ya ajali moja iliyotokea kazini kwako, somo lilisema, uonyeshe ni wapi utaratibu ulipovunjwa.

Ripoti aliyoitaka Mwanamkasi ilikuwa moja tu.

Rispa aliingia, akafunga mlango, akazungusha ufunguo.

"Mama, unatafuta nini?"

"Glavu."

"Kwenye kabati la mafaili?"

"Stoo zimekwisha."

Rispa alimtazama. Kisha akaenda dirishani, akachungulia kule meneja anakoegesha gari, akarudi. "Soma upesi," alisema. "Akila samaki hukawia kwa sababu ya miba. Akila kuku hurudi mapema. Leo sijui kala nini."

Mwanamkasi hakulifungua faili. Tangu afiwe, amejizoeza kumtazama mtu mikono kwanza, maneno baadaye, na mikono ya Rispa haikuuachia ufunguo.

"Kwa nini unanisaidia?"

"Kwa sababu mwenye kufungua bahasha zako ni mimi."



Hapo ndipo Mwanamkasi alipokosea tangu mwanzo, na wengi wetu tungekosea vile vile. Kwao Likoni nani ana sanduku lake la posta? Mtu hutumia la duka, la msikiti, au la kazini kwake. Yeye alitumia la kiwanda. Masomo yaliyomfundisha kukichunguza kiwanda yalikuwa yakipita mezani kwa meneja wa kiwanda.

"Huzishikilia juu ya mvuke wa birika," Rispa alisema, macho chini. "Bwana meneja husoma. Mimi huzigandisha tena kwa uji wa ngano."

"Nilijua."

"Ulijua?"

"Chuo gani cha Nairobi kinagandisha bahasha kwa uji?"

Rispa alitaka kucheka, kicheko kikakataa. "Majibu yako ya somo la sita hayakutumwa, mama. Yale uliyoandika kwamba tangi namba nne halipimwi hewa. Bwana aliyasoma mara tatu, akayafungia kwenye droo. Na jana akaniambia nipige kibali kipya. Tangi namba nne, kusafisha mashapo, kesho Jumamosi saa mbili asubuhi. Hewa imepimwa, ni salama." Akatazama tena dirishani. "Imepimwa kesho, na mimi nimeipiga taipu jana."

"Nani anashuka?"

"Rama."

Mwanamkasi alishika ukingo wa kabati.

Rama ni ndugu yake wa tumbo moja, mdogo wake, hana mwingine. Kiwanda kina vibarua na waajiriwa sitini wenye nguvu zao. Dada mtu anaandika kwamba tangi lina hatari, na katika watu sitini jina linamwangukia nduguye. Lilikuwa jambo la sadfa? Mwanamkasi akasoma bismillahi, akafungua faili.

Ripoti ilikuwa ukurasa mmoja, Kiingereza cha ofisini. Akaisoma polepole, kidole chini ya kila neno kama alivyofundishwa darasa la pili.

Tarehe 24 Machi 1992. Marehemu alikuwa na kibali cha asubuhi. Saa saba mchana alitoka tangini salama, akaenda kibandani nje ya lango, akala mihogo akanywa chai pamoja na shahidi. Baadaye akarudi peke yake, akashuka tangini mara ya pili bila ruhusa na bila kumwambia mtu.

Kidole kikasimama kwenye mihogo.

"Nani aliandika hii?"

"Mimi nilipiga taipu. Bwana alikuwa akisema, mimi naandika. Kwa nini?"

"Hii mihogo ilitoka wapi?"

Rispa alijaribu kukumbuka. "Bwana alisema andika kwamba alikwenda kula. Nikamuuliza alikula nini, maana ripoti hutaka kila kitu. Akasema wewe andika, watu wa huku hula mihogo. Basi nikaandika mihogo."

"Ukaongeza na chai."

"Mihogo bila chai itashukaje?"

Mwanamkasi aliiweka ripoti juu ya kabati, taratibu, kama sahani iliyojaa mchuzi.

"Rispa mwanangu, tarehe ishirini na nne Machi mwaka ule ilikuwa Ramadhani. Mwezi kumi na tisa. Mume wangu alikuwa amefunga."

"Mimi nilikuwa na mwezi mmoja tu Mombasa," Rispa alisema. "Sikujua, mama. Na bwana naye alikuwa mgeni kama mimi. Hakuna aliyetuambia."

"Kibanda chenyewe mwezi ule hakifunguliwi mpaka magharibi."

Basi Boga hakutoka tangini kwenda kula. Hakuna mara ya pili. Alishuka asubuhi, kwa kibali, kwa amri, na hakupanda tena. Miaka miwili Mwanamkasi amekuwa akimwomba Mungu amsamehe mumewe kwa uzembe wake, na uzembe wenyewe ulitungwa na watu wawili wasiojua mwezi umeandama lini.

Lakini ripoti ilikuwa na shahidi. Mwanamkasi alishusha macho mpaka chini ya karatasi.

Sahihi ilikuwa ya Bakari.

Bakari msimamizi wa matangi. Bakari aliyekuwa akiswali bega kwa bega na Boga. Bakari aliyelibeba jeneza la Boga mbele, upande wa kulia. Na, msomaji, Bakari ambaye mwezi uliopita alituma wajomba zake wawili Likoni kwa Rama, wamevaa kanzu zilizopigwa pasi, kuleta posa ya Mwanamkasi.

Posa hiyo haijajibiwa. Rama alikuwa akimhimiza dadake akubali. Mtu wa dini, alisema, na alimpenda marehemu.

Alimpenda, naye akatia sahihi kwamba alikula naye mchana wa Ramadhani.

Nje, honi ikalia langoni.

"Kuku," Rispa alisema. "Kala kuku. Toka kwa mlango wa choo."

Mwanamkasi alilirudisha faili kabatini. Ripoti aliitia kifuani, ndani ya buibui.

* * *

Alimkuta Bakari kwenye bomba la maji nyuma ya karakana, ovaroli ameshavaa, kofia ya Ijumaa bado kichwani. Watu walikuwa ndio kwanza wanarudi msikitini.

"Shemeji Bakari."

"Naam, shemeji. Leo umenitafuta mwenyewe, kuna heri." Akatabasamu. "Wajomba watafurahi."

"Nina swali moja. Siku aliyokufa Boga, mchana alikula nini?"

Tabasamu likabaki mahali pake, ila macho yakashangaa. "Swali gani hilo? Ramadhani ile. Hata daku hakula, alinambia asubuhi kwamba usingizi ulimpitia. Nikamtania, nikamwambia leo utaftari mara mbili."

Alilisema bila kusita, kama mtu asiye na cha kuficha. Mwanamkasi alikuja tayari kwa uongo. Ukweli ulimvuruga zaidi.

Akaitoa ripoti.

"Unajua kusoma hiki?"

"Kiingereza? Jina langu tu."

"Basi nitakusomea. 'Mimi Bakari, msimamizi, nilikula pamoja na marehemu saa saba mchana. Tulikula mihogo na chai.'"

Maji yalikuwa yakimwagika bombani. Bakari hakuyafunga.

"Mimi?"

"Wewe. Ramadhani, saa saba mchana, hadharani. Na hapa chini ni sahihi ya nani?"

Bakari aliinama, akaitazama, akaendelea kuitazama. Alipoinua uso alikuwa amezeeka.

"Yangu," alisema. "Lakini maneno si yangu. Nilipotia sahihi, shemeji, karatasi ilikuwa tupu."

"Msimamizi mzima unatia sahihi karatasi tupu?"

"Kila Jumatatu." Sasa maneno yalimtoka upesi, kama yaliyongoja kuulizwa. "Kila Jumatatu bwana huniletea kitabu cha vibali, nami hutia sahihi vyote, cha kwanza mpaka cha thelathini. Ati kazi isisimame nikienda kuswali, nikienda maziko, nikiwa gati la pili. Wasimamizi wote hufanya hivyo. Aliyekuwa kabla yangu alifanya hivyo. Siku ile tulipomtoa Boga, bwana akaniwekea karatasi nyingine mbele, akasema ni za bima. Mikono yangu ilikuwa na mafuta mpaka viwikoni. Nikatia tu."

Mwanamkasi alilikumbuka somo la tano, lile alilolisoma mara nne kwa sababu kamusi haikumsaidia. Mwenye kutia sahihi kibali awe ameliona tangi kwa macho yake, siku hiyo, saa hiyo, na kipimo cha hewa mkononi. Asipoona, asitie.

"Ulisikia wakisema kosa ni la Boga?"

"Nilisikia."

"Ukasema nini?"

Bakari alifunga bomba. "Sikusema."

"Miaka miwili."

"Ningesema nini, shemeji? Kibali cha asubuhi ile kina sahihi yangu. Wangeniuliza, je, wewe ulipima hewa? Nami sikuwapo. Nilikuwa gati la pili, napakua mapipa."

"Na nani aliyepima?"

"Hakuna aliyepima. Kile kipimo kilikufa kabla ya Boga."

Mwanamkasi aliikunja ripoti. 

"Kwa hiyo ukaleta posa."

"Nilitaka nikutunze. Wallahi, nia yangu ilikuwa hiyo."

"Ulitaka mjane wa Boga awe chini ya dari yako, asiulize. Ukajua ninasoma, ukaona kheri nisomee jikoni kwako."

Bakari hakukana. Kule kutokanusha kwake ndiko kulikomchoma Mwanamkasi kuliko yote, kwa sababu, nikwambie kweli, msomaji, posa ile alikuwa ameanza kuielekea.

"Sikiliza," alisema. "Ya Boga tutayapeleka mbele ya wakubwa wa idara ya kazi, mimi na wewe na karatasi hii, inshallah. Lakini kwanza nataka jambo moja. Kesho asubuhi, kabla Rama hajashuka, usimame mbele ya watu wote useme kibali kile ulikitia sahihi bila kuliona tangi kwa macho yako."

"Kesho?"

"Saa mbili. Tangi namba nne."

Bakari alimtazama kama mtu anayetafsiriwa maneno kidogo kidogo.

"Nani kakwambia kesho? Bwana alisimamisha gari mlangoni mwa msikiti sasa hivi. Kanambia kazi imevutwa mbele, iwe leo, baada ya sala. Nimekwishamtuma Rama. Alitoka hata dua hakuingoja."

"Umemtuma tangi namba nne."

"Kaniambia hewa imepimwa."

"Kwa kipimo kipi, Bakari?"

Ndiyo mara ya kwanza kumwita kwa jina kavu, bila shemeji.  Kisha wote wawili wakawa wanakimbia.

* * *

Tangi namba nne limezikwa ardhini, nyuma kabisa, karibu na ukuta. Juu huonekana mdomo tu, duara la chuma la kupita mtu mmoja, na ngazi inayoshuka gizani.

Kifuniko kilikuwa kimeondolewa.

Kando yake viatu viwili, vimepangwa sambamba, soksi ndani. Viatu vya Rama. Mwanamkasi ndiye aliyemnunulia, Mwembe Tayari, Iddi iliyopita.

"Rama."

Harufu ya mafuta yaliyooza ilipanda ikamgonga uso.

"Rama. Ewe Rama. Nijibu."

Tangi lilimrudishia sauti yake mwenyewe.

Mguu wake wa kulia ulikuwa tayari uko kwenye ngazi. Hakujua umefikaje pale. Ukurasa ukamjia, kama ulivyo, na lile doa la mafuta ya taa pembeni: katika kila watu kumi wanaofia matangini, zaidi ya watano ni wale walioshuka kumwokoa wa kwanza. Usishuke. Hata akiwa mwanao. Sukuma hewa ndani, ita watu, usishuke.

Alivuta mguu nje. Ilikuwa kama kuuchomoa kwenye saruji.

"Bakari, mpira wa mashine ya upepo. Ule wa karakana wa kujazia magurudumu. Uvute mpaka hapa, tumpelekee hewa. Kimbia."

Bakari hakukimbia. Alikuwa akivitazama viatu.

"Kwa Boga nilisimama hapa hapa," alisema. "Nikawangoja watu."

"Na ulifanya sawasawa kungoja. Lete mpira."

"Wewe umesoma, shemeji. Mimi nimetia sahihi."

Alishuka. Mwanamkasi alirusha mkono akapata ukosi wa ovaroli, ukosi ukateleza, kofia ya Ijumaa ikabaki kwenye vidole vyake. Akasikia nyayo kwenye ngazi. Moja, mbili, tano, nane. Akasikia akikohoa. Akasikia jina la Rama likiitwa, na nusu ya jina likakatika.

Kisha kitu kizito kikaanguka kwenye mashapo.

"Bakari."

Akainamia mdomo wa tangi.

"Da Mkasi?"

Sauti ilitoka nyuma yake. Mwanamkasi aligeuka.

Rama alikuwa amesimama miguu mitupu kwenye changarawe, mzima, jasho linamtiririka, na uso wa kukereka.

"Ufunguo wa stoo umekwenda nao wapi? Nimekuja kutafuta kamba nimekuta kufuli, nimezunguka kiwanda kizima. Wewe si ndiye unayenisomea kila siku Rama usishuke bila kamba, Rama usishuke bila kamba? Basi nimekataa kushuka bila kamba, na kamba umeifungia." Akaona kofia mkononi mwa dadake. "Hiyo ya nani?"

Mwanamkasi aliikaza kofia mkononi. Nduguye yuko hai, na furaha yenyewe haikupata hata nafasi ya kukaa.

"Bakari yuko ndani," alisema. "Alidhani ni wewe."

Rama alilitazama tangi. Akaitazama kofia. Akaanza kukunja suruali.

"Rama, usishuke."

"Mtu yuko chini, dada."

"Leta mpira wa upepo karakana."

"Mpaka niulete atakuwa amekufa. Nitashuka, nitamkamata kwapani, nitapanda. Dakika moja."

"Na yeye alisema hivyo hivyo."

"Kwa hiyo tumwache? Mtu kashuka kwa ajili yangu mimi, nimwache? Nitaswali na nani tena mtaa ule? Nitamwambia nini mkewe wa Kisauni?"

Mkewe wa Kisauni.

Lilimpita Mwanamkasi sikioni kama nzi. La kuulizwa siku nyingine. Kwa sasa kulikuwa na tundu moja la chuma, na ndugu mmoja aliyebaki.

Rama alipiga hatua. Yeye ni kijana wa miaka ishirini na minane, hubeba gunia begani akiimba. Mwanamkasi asingeweza kumzuia kwa mikono, na alilijua hilo. Basi hakutumia mikono. Aliketi. Aliketi pale pale, akavuka mdomo wa tangi, makalio ukingo huu na nyayo ukingo wa pili, chini yake giza tupu.

"Ondoka, dada."

"Ukitaka kushuka, nisukume nitangulie."

"Usinifanyie hivyo."

"Boga nimemzika. Wewe sikuziki. Nenda karakana, ulete mpira, uwaite watu, nami nitamwombea huyu aliye chini. Kila neno unalonijibu ni pumzi yake unayoitumia."

Rama alilia. Alisimama akalia waziwazi, ngumi zimekazwa. Kisha akageuka akakimbia, miguu mitupu, changarawe zikiruka nyuma yake.

Mwanamkasi akabaki peke yake. Akaanza kusoma Ya-Sin, mikono imeshika chuma pande zote mbili.

Akamwona meneja. Alikuwa anakuja kutoka ofisini, hana haraka, tai imelegezwa, anafuta mdomo kwa leso. Alisimama hatua kumi hivi. Alimtazama mjane aliyeketi juu ya tangi. Akavitazama viatu viwili vilivyopangwa, akavihesabu kwa macho, na Mwanamkasi aliona waziwazi jambo ambalo hatalisahau: yule mtu alishusha pumzi, kama aliyetua mzigo.

"Pole sana, mama," meneja alisema. "Ndugu yako alishuka bila ruhusa?"

Na chini yake, ndani kabisa ya tangi, chuma kikagongwa. Mara moja.

Halafu mara ya pili.